Siku 42 za kwanza: kifaduro na kinga niliyodhani ninayo

Mtoto wangu wa pili alikuwa na umri wa siku 33 alipoacha kupumua mikononi mwangu kwa mara ya kwanza. Hakukohoa wala hakulia. Alikuwa akinyonya, akaliachia titi, akakaza mwili kidogo, na midomo yake ikapauka kama majivu kabla ya kuingia ubuluu. Ilikuwa mwezi wa Julai, katika zile asubuhi ambazo baridi ya Lubumbashi, hapa Kongo, huwakusanya watu wote wa lupango (ua tunaloishi pamoja) kando ya mbabula, yaani jiko la mkaa, na mama mkwe wangu alikuwa mlangoni akipepea makala. Aliponiona nimesimama nimeganda, alikuja, akamchukua mtoto, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake na kumsugua mgongo mpaka akavuta pumzi. Sidhani kwamba jambo lote lilizidi sekunde 20.

Nyumbani mwetu mlikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa akikohoa, naye ni mtoto wa shemeji yangu, kijana wa miaka 7 anayelala chumba cha pili. Alikuwa amekohoa kwa wiki mbili, na katika kituo cha afya tulichompeleka walimsikiliza kifua, wakasema ni mafua ya baridi, wakampa sharubati. Mchana alicheza mpira kama kawaida. Usiku ndipo kikohozi kilipomshika: alikohoa mara kumi, kumi na tano, bila nafasi ya kuvuta hewa, macho yakamtoka, kisha akavuta pumzi kwa sauti nyembamba kama ya jogoo anayejifunza kuwika, na mara nyingi akatapika. Mama mkwe aliitambua sauti ile usiku wa tatu. Aliniambia, «Mama, hiki si kikohozi cha baridi. Hiki ni kifaduro. Mwondoe mtoto chumba hiki.»

Sikumwondoa. Nilimjibu kwa heshima, lakini kwa uhakika wa mtu aliyesoma, kwamba mimi mwenyewe niliugua kifaduro nikiwa na miaka 6, kwamba aliyewahi kuugua hubaki na kinga, na kwamba kinga hiyo mtoto ameipata tumboni na anaendelea kuipata katika maziwa. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari. Somo la kinga ya mwili nimelifundisha kwa miaka mingi, nikichora ubaoni mama, kondo la nyuma na mishale inayotoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na kila mara mfano wangu ulikuwa surua. Kosa langu lilikuwa humo humo katika mfano. Surua ukiugua mara moja, umemalizana nayo maishani. Kifaduro hakifuati sheria hiyo, na makala haya nayaandika kwa sababu nimegundua kwamba wanawake wengi ninaozungumza nao, wakiwemo wenye diploma, wanaamini kile nilichokiamini mimi.

Kifaduro, ambacho wengi wetu hapa tunakiita kwa jina la Kifaransa, coqueluche, huletwa na bakteria anayeitwa Bordetella pertussis. Jina la kwanza linatokana na Jules Bordet, mwanasayansi wa Ubelgiji ambaye, pamoja na mwenzake Octave Gengou, alifaulu mwaka 1906 kumwotesha bakteria huyo maabarani Brussels, juu ya chakula kilichotengenezwa kwa viazi, gliserini na damu. Bakteria huyu hujishikiza kwenye vinyweleo vidogo vya njia ya hewa, vile vinavyosukuma kohozi kwenda juu, akavilemaza, na wakati huohuo akatoa sumu ambayo huingia mwilini. Ni sumu hiyo inayofanya kikohozi kidumu wiki nyingi hata baada ya bakteria mwenyewe kwisha. Wachina wamekiita kikohozi cha siku 100, na hawajatia chumvi sana. Katika nyumba yenye mgonjwa mmoja, watu wasio na kinga wanaoishi naye wanaweza kuambukizwa kwa kiwango cha hadi 9 kati ya 10.

Kwa mtoto wa miaka 7 ni mateso, lakini kwa kawaida hupona. Kwa mtoto wa mwezi mmoja ni ugonjwa mwingine kabisa. Yeye hana nguvu ya kuvuta ile pumzi yenye sauti, kwa hiyo ishara ambayo kila bibi anaijua haipo. Kinachoonekana ni mtoto anayekataa kunyonya, anayekohoa kidogo tu au hakohoi kabisa, kisha pumzi inasimama. Ndani ya damu yake ile sumu huzifanya chembe nyeupe ziongezeke kupita kiasi, na zikizidi sana huweza kuziba mishipa midogo ya mapafu, moyo ukashindwa kusukuma damu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya vifo vya kifaduro hutokea kwa watoto walio chini ya miezi mitatu, yaani kabla au karibu na wakati ambapo chanjo zao wenyewe zinaanza kufanya kazi.

Sasa nirudi kwa ile mishale ya ubaoni, maana yenyewe si uongo. Mama humpa mtoto kingamwili kupitia kondo la nyuma, na upitishaji huo, ambao huanza polepole, huongezeka sana katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, kiasi kwamba mtoto aliyetimiza miezi yake anaweza kuzaliwa akiwa na kingamwili nyingi kuliko za mama yake. Aliyezaliwa kabla ya wakati hukosa sehemu kubwa ya mzigo huo. Lakini kondo la nyuma halitengenezi kitu, linapitisha kilichopo. Nilichokuwa nacho mimi kilikuwa nini? Kinga ya aliyeugua kifaduro hukadiriwa kudumu kati ya miaka 4 na 20, na ya aliyechanjwa kati ya miaka 4 na 12. Mimi nilizaliwa mwaka 1991, mwaka wa uporaji ulioanzishwa na wanajeshi, wakati ambapo mambo mengi ya serikali katika nchi hii yalikuwa yakiporomoka, chanjo zikiwemo. Mama yangu hakumbuki kama nilimaliza dozi zangu, na kadi haipo. Hata nikiuhesabu ugonjwa wa utotoni kwa ukarimu wote, nilipobeba mimba ya pili zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 25.

Na hata hicho kidogo ambacho huenda nilimpa, kilikuwa kikiyeyuka. Kingamwili za mama hazizalishwi ndani ya mwili wa mtoto. Hupungua kwa nusu kila baada ya wiki 5 au 6 hivi. Fanya hesabu hiyo kwa mtoto aliyeanza na akiba ndogo, na utaona kwamba siku ya 33 alikuwa karibu na mkono mtupu. Kuhusu maziwa, nasema kwa uangalifu, kwa sababu sitaki mtu yeyote aache kunyonyesha kwa kusoma maneno yangu: maziwa ya mama yana kingamwili za aina yake, yanalinda tumbo na hata kifua dhidi ya mengi, na mtoto anayenyonya ana nafasi bora kuliko asiyenyonya. Lakini peke yake hayatoshi kumzuia kifaduro mtoto mchanga, hasa ikiwa mama mwenyewe kinga yake imechakaa.

Ratiba yetu ya chanjo huanza kushughulika na kifaduro siku ya 42. Siku ya kuzaliwa mtoto hupata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hupata sindano ya pajani yenye kinga tano kwa pamoja, ambazo ni dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B na bakteria wa Haemophilus aina ya b. Kabla ya siku ya 42 mwili wake haujaonyeshwa kifaduro hata mara moja, na dozi ya kwanza humpa kinga ya sehemu tu. Kwa hiyo kati ya kuzaliwa na wiki ya 6, na kwa kiasi fulani mpaka wiki ya 14, mtoto anaishi kwa akiba ya mama na kwa usalama wa watu wanaomzunguka. Akiba ikiwa haipo, kinabaki cha pili, na katika lupango letu wanaishi watu 14 wanaotumia bomba moja na choo kimoja.

Nikiwa hospitalini, ambako mtoto alilazwa siku 11 akipewa oksijeni, maziwa kwa mpira wa puani na azithromisini, niliuliza swali ambalo naona aibu kulikumbuka: «Lakini mimi nilichomwa sindano wakati wa mimba, mara mbili. Je, haikuwa na kifaduro?» Mwuguzi hakunicheka. Aliniletea kichupa kutoka kwenye sanduku la baridi, akakigeuza chini ya taa ili nisome maandishi ya ubavuni. Kulikuwa na herufi ya pepopunda na herufi ya dondakoo, basi. Ile herufi ya tatu, ya kifaduro, haikuwepo. Wanawake wa jiji hili tunakwenda kliniki ya wajawazito, tunachomwa begani, tunaandikiwa kwenye kadi, na tunarudi nyumbani tukidhani tumechanjwa «kwa ajili ya mtoto» dhidi ya kila kitu. Sindano ile inafanya kazi kubwa, kwa sababu pepopunda ya kitovu iliwahi kuua watoto wengi sana, na njia inayotumia ni ileile ya kingamwili kupita kwenye kondo la nyuma. Ila kifaduro hakimo.

Mahali pengine kimo. Uingereza ilipata mlipuko mkubwa mwaka 2012 ambapo watoto wachanga 14 walifariki, na Oktoba ya mwaka huohuo ikaanza kuwachanja wajawazito dhidi ya kifaduro. Wataalamu walipopima matokeo, walikadiria kwamba mtoto wa mama aliyechanjwa alikuwa amekingwa kwa takriban asilimia 90 katika wiki zake za kwanza. Marekani nayo iliamua mwaka 2012 kwamba kila mjamzito achanjwe katika kila mimba, ikipendelea kati ya wiki ya 27 na ya 36, na maneno «katika kila mimba» yanatokana na yale niliyoyaeleza: kinga anayoipata mama leo kwa mimba hii itakuwa imeshuka atakapobeba inayofuata. Wiki zenyewe pia zina hesabu, kwa sababu mwili wa mama unahitaji walau wiki mbili kutengeneza kingamwili za kutosha, na kondo la nyuma linahitaji muda wa kuzipitisha. Waingereza walijifunza pia upande wa pili wa jambo hili. Idadi ya wajawazito waliokubali sindano ilishuka kutoka zaidi ya asilimia 70 mwaka 2017 hadi chini ya asilimia 60, na kifaduro kiliporudi kwa nguvu mwaka 2024, watoto 11 walifariki.

Kuna hoja moja ya kitaalamu inayopingana kidogo na sera hiyo, nami naona ni ya haki kuitaja. Mtoto aliyezaliwa na kingamwili nyingi za mama huweza kuitikia chanjo zake mwenyewe kwa nguvu pungufu kidogo, kwa sababu zile za mama huwahi kukifunika kile ambacho mwili wake ulipaswa kukitambua. Jambo hilo limepimwa na lipo. Nchi zilizochagua kuwachanja wajawazito zimeona kwamba upungufu huo ni bei ndogo ikilinganishwa na vifo vya wiki za kwanza, na nikikumbuka ile midomo iliyoingia ubuluu, siwezi kujifanya kwamba mimi ni mwamuzi asiyeegemea upande.

Kwa nini basi sindano hiyo haimo katika mpango wetu wa taifa? Jibu fupi ni fedha, lakini jibu kamili linavutia zaidi. Kuna chanjo mbili za kifaduro. Ya zamani hutengenezwa kwa bakteria mzima aliyeuawa. Ndiyo waliyoiboresha Pearl Kendrick na Grace Eldering huko Grand Rapids, Marekani, katika miaka ya 1930, na ndiyo iliyomo katika sindano ya pajani wanayopata watoto wetu. Ya pili, iliyoenea katika nchi tajiri tangu miaka ya 1990, ina vipande vichache tu vya bakteria vilivyosafishwa. Ile ya zamani huleta homa na uvimbe zaidi, na kwa sababu hiyo watu wazima hawapewi. Wajawazito hupewa ile mpya tu, nayo ni ghali. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2015 kwamba kumchanja mjamzito ndiyo nyongeza inayoelekea kuwa na faida kubwa kuliko nyingine kwa ajili ya kuwalinda wachanga wasiofikia umri wa chanjo, lakini likasisitiza kwamba jambo la kwanza kwa kila nchi ni kuhakikisha watoto wote wanapata dozi zao tatu na kwa wakati.

Hapa ningependa akina mama wenzangu wasikie jambo ambalo husemwa mara chache: chanjo tuliyonayo sisi, ile yenye homa, si chanjo ya maskini. Kinga yake hudumu muda mrefu kuliko ya ile mpya. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2013, kwa kutumia nyani, kwamba waliopewa chanjo mpya hawakuugua, lakini walibeba bakteria kooni kwa wiki kadhaa na kuwaambukiza wenzao, ilhali waliopewa ya zamani walimwondoa bakteria mapema zaidi. Kwa hiyo jirani yako wa Kenya au wa Ruashi, mitaa ya hapa Lubumbashi, anapomwacha mtoto asirudi kwa dozi ya pili kwa sababu ya homa ya usiku mmoja, anaitupa chanjo bora. Tulipoitafuta kadi ya yule mtoto wa shemeji yangu tuliikuta katika sanduku la nguo. Dozi ya kwanza ilikuwa imeandikwa, ya pili imeandikwa, na mstari wa tatu ulikuwa mtupu. Familia ilikuwa imehama mtaa wa Katuba mwezi ule, na hakuna aliyekumbuka. Simlaumu mtu, mimi mwenyewe wa kwangu wa kwanza alichelewa dozi moja kwa wiki tano, kwa sababu tulikuwa na msiba Likasi.

Jambo lingine la aina hiyo: kuna mama wanaorudishwa nyumbani kwa sababu watoto waliofika hawatoshi kufungua kichupa. Kwa chanjo ya kifua kikuu na ya surua sababu inaeleweka, maana kichupa kikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6. Lakini kile cha kinga tano, kikitunzwa vizuri kwenye baridi, kinaruhusiwa kutumika hadi siku 28 baada ya kufunguliwa. Mama akirudishwa kwa sababu hiyo ana haki ya kuuliza, kwa upole, kichupa cha juzi kiko wapi.

Kwa kuwa sindano ya mjamzito hatuna, kinachobaki ni kumzungushia mtoto watu wasioweza kumwambukiza. Nchi tajiri zilijaribu njia hiyo kabla ya mwaka 2012, zikiwachanja baba, bibi na ndugu, na ziliona ni kazi ngumu, kwani nani atawakusanya wote kwa wakati? Kwetu ni ngumu zaidi, kwa sababu mtoto mchanga ni wa ukoo mzima. Wiki ya kwanza watu hufika na sabuni, na kitenge, na kuku, na kila mmoja anataka kumbeba. Kumwambia mama mkubwa wa mume wako asimguse mtoto kwa kuwa anakohoa ni kutafuta kesi ya miaka mitatu. Na mtu mzima mwenye kifaduro kwa kawaida hajui kama anacho: ana kikohozi kisichokwisha, analaumu vumbi la barabara, moshi wa makala au baridi ya Julai. Mama mkwe ndiye aliyeitatua kesi hii nyumbani kwetu baadaye, kwa amri moja ambayo hakuna aliyethubutu kuipinga: anayekohoa anasalimia akiwa mlangoni, na zawadi inapokelewa na yeye.

Yule kijana wa miaka 7 alipewa dawa, na sisi wote tuliolala nyumba ile tukapewa pia. Daktari alitueleza kwamba dawa ikianza katika wiki ya kwanza au ya pili hupunguza ukali wa ugonjwa, na baada ya hapo kazi yake kubwa ni kumzuia mgonjwa asiambukize wengine. Baada ya siku 5 za azithromisini hahesabiwi tena kuwa hatari kwa wengine, ingawa kikohozi chenyewe kitaendelea kwa wiki nyingi. Kijana wetu alikohoa mpaka mvua za Oktoba. Mtoto alitoka hospitalini akiwa amepungua gramu 400, na kwa mwezi mzima nililala nikiwa nimeweka kiganja juu ya kifua chake.

Mdogo wangu amejifungua wiki iliyopita huko Likasi. Katika kliniki ya wajawazito aliomba aonyeshwe kichupa, akaniandikia herufi alizoziona, na zilikuwa zilezile mbili. Nimemtumia kwa simu picha ya kalenda yenye duara jekundu: siku ya 42 ya mtoto itaangukia Jumapili, na kituo chao huchanja Jumatano, kwa hiyo watakwenda Jumatano inayofuata, siku ya 45. Amenijibu kwamba baba mkwe wake amekuja kutoka kijijini kumwona mjukuu, na kwamba anakohoa kidogo. Nimempigia simu mama mkwe wangu aongee naye yeye.